Dola za Fedha za China na Waliozikagua

Katika karne ya 19, nyumba ya biashara ya Canton haikupokea malipo kabla mkaguzi wa fedha hajayapitia. Mpiga picha Mskoti John Thomson aliwapiga picha wakaguzi wa aina hiyo wakiwa kazini. Dola walizozipima kwa muda mrefu hazikuwa za China. Nyingi zilifuliwa Mexico, na tangu karne ya 16 fedha ya Amerika ilivuka Pasifiki hadi Manila, ikaishia katika bandari za China. Mkaguzi alizipitisha vidoleni mojamoja, akihisi uzito na kusikiliza mlio.

Waghushi aliopambana nao walikuwa mafundi hodari. Walipasua dola halali, wakakomba fedha ya ndani, wakajaza madini duni na kuziba kwa lehemu. Kwa nje, sura ya mfalme wa Hispania iliyochorwa kwenye sarafu ilibaki vilevile.

Wafanyabiashara walijibu kwa chapa. Aliyeridhika na sarafu aliigonga alama yake ndogo, mara nyingi herufi moja ya Kichina, na alama hiyo ilikuwa ahadi ya kuipokea tena ikirudi kwake. Pigo lenyewe lilikuwa kipimo pia, kwa kuwa lilizama chini ya ngozi ya sarafu. Dola iliyozunguka sana iligongwa hadi ikabonyea au kuvunjika, na vipande vyake vikaendelea kulipia bidhaa kwa mizani. Utaratibu huo unastahili heshima: dhamana ilitoka kwa watu wenye maduka yanayojulikana, waliokuwa tayari kubeba hasara.

Mkoa wa Guangdong ulianza kufua dola zake zenye joka mwaka 1889. Mwaka 1914 ikaja dola ya Rais Yuan Shikai, maarufu kama Yuan Kichwa Kikubwa, yenye takriban gramu 26.6 na fedha asilimia 89. Serikali iliondoa fedha katika mzunguko mwaka 1935, lakini noti zilipoporomoka thamani mwishoni mwa miaka ya 1940, dola hizo zilirudi mitaani. Walanguzi wa Shanghai walizigonganisha mkononi ili mteja asikie mlio. Tarehe 10 Juni 1949 utawala mpya wa kikomunisti ulivamia jengo la soko la hisa kukomesha ulanguzi huo.

Kwa mkusanyaji wa leo, mlio peke yake hautoshi, wala mwaka ulioandikwa. Dola za Yuan zilifuliwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa matumizi ya Tibet, zikiwa na fedha ya kweli na tarehe ya zamani. Bandia iliyosubiwa kwenye kalibu mara nyingi huonyesha vitundu vidogo na herufi butu. Iliyogongwa kwa mashine ya kisasa huwa ngumu zaidi kuitambua. Hata chapa za wafanyabiashara sasa hughushiwa.

Maji bado ni kipimo cha kuaminika. Dola ya Yuan, ikining'inizwa kwa uzi ndani ya maji, hupungukiwa takriban gramu 2.6 za uzito. Ya shaba tupu yenye uzito uleule hupungukiwa karibu gramu 3. Mashine za eksirei zinazosoma madini huona tabaka la juu tu, kwa hiyo sarafu iliyovikwa fedha nene inaweza kuzipita mashine hizo na kunaswa na mizani.