Tui, Nyonyo na Dawa: Maneno ya Mafuta ya Nywele katika Delta ya Rufiji

Katika nyumba yetu ya Kibiti kuna kifumbu kilichoning'inizwa ukutani, juu ya dirisha la jikoni. Kimesukwa kwa ukindu, kimebadilika rangi kwa uzee, na ukikinusa hadi leo utapata harufu hafifu ya nazi. Kilikuwa cha bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa katika visiwa vya delta, akaolewa bara, na akaja na kifumbu hicho pamoja na mbuzi ya kukunia nazi. Wageni wetu vijana hukitazama na kuuliza: "Hiki ni kofia?" Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kifaa kinapoacha kutumika, neno lake hubaki limening'inia ukutani kama kifumbu chenyewe: lipo, lakini hakuna anayelishika.

Nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa historia ya maneno haya imo ndani ya kazi. Bibi alipotaka mafuta ya nywele hakuchukua nazi yoyote iliyo karibu. Wasemaji wa pwani wameupa ukuaji wa tunda hili majina yake, hatua kwa hatua: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Koroma halitoi mafuta ya kutosha. Dafu ni la kunywa. Alingoja nazi iliyokomaa. Alikaa juu ya mbuzi, akakuna, akatia maji ya vuguvugu, akakamua, akachuja kwa kifumbu. Tui la kwanza, lile zito liitwalo kasimile, ndilo alilolitenga kwa mafuta. Machicha yaliyobaki walipewa kuku. Tui lililala usiku kucha ndani ya chungu. Asubuhi utando mzito ulikuwa umeelea juu na maji yamebaki chini. Utando huo aliuchukua kwa upawa na kuutia motoni.

Moto ulikuwa wa makumbi, na alitaka uwe mdogo. Tui lilichemka, likakatika, mashapo yakaanza kugeuka rangi ya kahawia, na mafuta yakajitenga yakiwa meupe kama maji ya mvua. Nazi kumi zilimpa kiasi cha nusu lita. Akiyaacha motoni zaidi ya hapo, mafuta yaliungua na kunuka. Akiyatoa mapema, maji yalibaki ndani na baada ya siku chache yakachacha. Alijuaje wakati wake? Alisikiliza. Chungu kinapoacha kuvuma, alisema, maji yamekwisha. Sijaona kipimo kilicho bora kuliko hicho.

Sasa tuzungumze historia. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kiyunani alieleza safari za bahari hii katika kitabu kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Bandari ya mwisho aliyoitaja katika pwani yetu aliiita Rhapta, na akaeleza kwamba jina hilo linatokana na mashua zake zilizoshonwa kwa kamba. Bidhaa zake zilikuwa pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa, na kiasi kidogo cha kitu ambacho hati inakiita nauplios. Juu ya neno hilo moja wafasiri wamegawanyika. Wapo waliolisoma kuwa ni gamba la kiumbe wa baharini, na wapo walioona kwamba mnakili alikosea herufi, na kwamba neno lililokusudiwa ni mafuta ya nazi.

Wataalamu hawajakubaliana pia Rhapta ilikuwa wapi, lakini delta ya Rufiji ni miongoni mwa mahali panapotajwa zaidi. Mwanaakiolojia wa Kitanzania, Felix Chami, amechimba katika eneo hili kwa miaka mingi, na mwaka 1999 alichapisha taarifa juu ya ushanga wa Kirumi uliopatikana hapa Rufiji. Ushanga ni pambo la shingo na la nywele. Sidai kwamba mafuta ya bibi yangu yaliuzwa Misri. Nasema tu kwamba kosa la herufi chache, kama kweli lilifanywa na mnakili asiyewahi kuuona mnazi wetu, limetosha kuifanya historia yetu ya miaka elfu mbili iwe ya kubishaniwa. Tujifunze hapo uzito wa kuandika neno kwa usahihi.

Mafuta ya nazi hayakuwa peke yake. Kwa nywele zinazokatika, na kwa ngozi ya kichwa iliyokauka, bibi aliongeza mafuta ya nyonyo, ambayo ni mazito na hung'ang'ania kidole kama asali. Hapa mpenzi wa lugha lazima awe mwangalifu. Mmea huu wengine huuita mnyonyo, wengine mbarika, na zipo sehemu za pwani unakoitwa mbono. Lakini kwingine mbono, au mbono kaburi, ni mmea mwingine kabisa, ule unaopandwa kuzunguka makaburi na mipaka ya mashamba. Mbegu za mimea yote miwili zina sumu. Zile za mnyonyo hukaangwa, hutwangwa na kuchemshwa kwa maji mengi hadi mafuta yaelee. Sumu hubaki katika makapi, ambayo hayafai kupewa hata kuku. Mtu akisoma maelekezo ya Mombasa kwa masikio ya Kibiti anaweza kuchuma mbegu isiyo yake. Watu hudhani kwamba tofauti za lahaja ni mapambo ya wasomi. Katika chungu cha mafuta, tofauti ya lahaja ni jambo la afya.

Na nyonyo ina historia nzito katika wilaya zetu. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alianza kuwagawia watu dawa iliyoitwa maji. Vitabu vya historia vinaeleza kwamba ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na nafaka. Watu walitoka Umatumbi, Rufiji na mbali zaidi kuifuata, wakiamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Vita vilipoanza mwishoni mwa Julai 1905, Kinjikitile alikamatwa, na tarehe 4 Agosti akanyongwa Mohoro, mji ambao sisi wa delta tunaupita tukienda kusini. Ebrahim Hussein alimfanya mhusika mkuu wa tamthilia yake, Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969.

Nimelitafakari sana jambo hili. Katika vitu vyote vya porini na vya shambani, dawa iliyowaunganisha watu wa lugha mbalimbali ilitiwa mafuta ambayo pengine kila mama alikuwa nayo ndani. Walichopewa hakikuwa kigeni kwao. Kilikuwa kitu cha kupakwa, na mkono wa kukupaka mafuta ni mkono wa mtu anayekutakia heri. Mtoto mchanga hupakwa, mwali hupakwa, bi harusi hupakwa. Neno "dawa" lilikuwa bado na upana huo: kinga, tiba na baraka kwa pamoja. Likumbukeni neno hilo, maana nitalirudia.

Bahari nayo ilileta mchango wake. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Uajemi yaliingia katika midomo ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko, kwa kuwa nchi zile hazina miti ya kuezekea. Pamoja na biashara hiyo ya pwani yalikuja manukato na majina yake: hina, udi, marashi, miski, ambari. Ukiyapanga maneno ya kazi ya nywele katika safu mbili, utaona jambo la kupendeza. Vitenzi vya mikono ni vya Kibantu: kukuna, kukama, kupaka, kusuka. Nomino za harufu nyingi ni za Kiarabu. Mikono ilikuwa ya hapa, pua ikasafiri. Bibi alipotia kipande cha udi katika mafuta yaliyopoa, safu hizo mbili zilikutana ndani ya chupa moja, wala hazikugombana.

Kisha kulikuwa na kusuka kwenyewe. Tunasuka mkeka, tunasuka kamba, tunasuka nywele. Na mkeka wa Rufiji unajulikana hadi Dar es Salaam. Kwa bibi tofauti ilikuwa ndogo. Aligawa kichwa kwa chanuo la mti, akapaka mafuta katika kila njia, akaanza kusuka. Ili nywele zilale, alilowesha vidole katika maji ya bamia yaliyochemshwa, yanayoteleza, ambayo aliyaita ute. Leo wajukuu zake wananunua kopo na kuliita "jeli". Sina ugomvi na mkopo. Kiswahili kimekopa tangu kizaliwe. Lakini mkopo hutakiwa pale pasipo na akiba, na sisi akiba tunayo: ute, utelezi, mlenda. Hata mitindo ilikuwa na majina yenye akili. Nani asiyejua "twende kilioni", ile misuko ya haraka inayorudi nyuma kwa mistari iliyonyooka? Ndani ya maneno mawili kuna hadithi nzima: habari ya msiba imefika, muda ni mfupi, na hata hivyo mwanamke hatoki na kichwa kilichotimka.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya uhuru. Mafuriko ya mwaka 1968 yalifuatwa na Operesheni Rufiji, ambapo maelfu ya watu wa bonde walihamishwa kwenda katika vijiji vipya vya nchi ya juu. Aliyehama aliiacha minazi yake. Mnazi haubebwi kichwani, na mche mpya humngojesha mtu miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku nguo fupi, nywele za bandia na mafuta ya kuchubua ngozi kuanzia Januari 1969. Kwa hiyo wakati kichwa cha mwanamke kilipokuwa kikijadiliwa mjini kama suala la taifa, wanawake wengi wa Rufiji walikuwa wakijiuliza swali la kawaida zaidi: nazi tutazipata wapi?

Baadaye maduka yalijibu swali hilo kwa namna yake. Yalikuja mafuta ya mgando, yakaja "kalikiti", ikaja "dawa". Ndiyo, neno lilelile. Msichana wa Kibiti akisema "nimetia dawa" hamaanishi kwamba alikuwa mgonjwa. Amepaka kemikali kali, aghalabu ya jamii ya magadi makali, inayovunja viungo vya unywele ili ujinyooshe. Na ikikaa mno, huunguza ngozi. Lakini neno halisemi uongo bila kuacha alama. Ukiiita kemikali "dawa", umekwisha kuziita nywele "ugonjwa". Sikilizeni pia sifa tunazozitumia: za singa huitwa nzuri, za kipilipili huitwa ngumu. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliunguzwa utosini na dawa hiyo katika saluni moja, na mama alinipeleka kwa bibi nikilia. Bibi hakusema neno la lawama. Alinipaka mafuta yake kwa siku nyingi, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, walikuambia una maradhi gani?"

Sikuwa na jibu. Ninaandika makala haya miaka mingi baadaye kwa sababu bado ninalitafuta.

Leo mambo yamegeuka tena. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, barabara ya kusini imeleta bidhaa za kila aina hadi hapa, na pamoja nazo umekuja mtindo wa "nywele asilia". Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 nao ulionyesha kwamba mafuta ya nazi huupenya unywele na kupunguza upotevu wa protini, jambo ambalo mafuta ya alizeti na yale ya madini hayakulifanya. Wasichana wanakuja kuniomba maelekezo. Ninawapa yote: nazi kumi, kasimile, moto wa makumbi, nyonyo kidogo, udi. Wanapika, na mafuta yanatoka mazuri.

Lakini si mafuta ya bibi. Yake yalikuwa na rangi ya kijani kwa mbali, na ubichi fulani wa harufu ambao sijaupata tena. Kulikuwa na majani aliyoyatia mwishoni. Nilimwona akiyatia mara nyingi. Aliniagiza hata kuyachuma, kando ya maji, nikiwa mdogo mno kukumbuka mti. Hakuyataja kwa jina. Alisema tu "yale majani", kwa kuwa nyumba nzima iliyajua. Nimejaribu mkunazi, nimejaribu mhina. Siyo. Nimewauliza wazee wa delta nikieleza harufu, na kila mmoja ananiuliza swali moja la haki: "Yanaitwaje?"

Ndipo nilipoelewa hasara yangu. Majani huenda yapo, yanaota hatua chache kutoka nilipokaa. Kilichopotea ni neno, na bila neno mkono haujui uchume nini. Kwenu washairi na wapenzi wa lugha naacha ombi, kisha ubeti. Mwenye bibi aliye hai amwulize jina la kila kitu kilichomo jikoni mwake, hata vile anavyoviita "vile", na baada ya kuliandika alitumie.

Bibi alikuna nazi, akachuja lake tui,
Kwa subira na ujuzi, siri ambayo sijui,
Nina kifumbu na mbuzi, mchanganyo sitambui,
Neno likifa, wajuzi, wino haulifufui.