Baba Mdogo na Dekreti: Maneno, Sheria na Malezi ya Watoto Kisangani

Katika nyua za Kabondo, kama katika komine nyingine tano za mji wa Kisangani, mtoto humwita ndugu wa kiume wa babake «baba mkubwa» au «baba mdogo», na dada wa mamake «mama mkubwa» au «mama mdogo». Majina hayo si ya heshima tu. Yanaeleza ni nani atakayepaswa kumlisha na kumvika mtoto pindi wazazi wake wakifariki. Kwa msamiati huo ni vigumu kumpata mtoto asiye na baba kabisa. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi sheria ya kikoloni ilivyompata.

Chanzo chake ni dekreti ya tarehe 12 Julai 1890. Wakati ule Dola Huru la Kongo lilikuwa mali ya Mfalme Leopold II, naye Tippu Tip alikuwa amefanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887. Dekreti iliweka chini ya ulezi wa dola, kwa Kifaransa «tutelle», watoto waliokombolewa katika misafara ya watumwa, watoto waliopotea, waliotupwa, mayatima, na hata wale ambao wazazi wao hawakutimiza wajibu wa kuwatunza. Tuyapime maneno hayo. Mtoto aliyefunguliwa minyororo na mtoto anayekaa kwa mjombake wametiwa katika kapu moja, na mwenye kuamua ni ofisa ambaye katika lugha yake «baba» ni mtu mmoja tu. Makoloni ya shule yalifunguliwa Boma na Nouvelle-Anvers, yakaendeshwa kwa nidhamu ya kijeshi, wavulana wengi wakielekezwa katika Force Publique. Dekreti ya pili, ya tarehe 4 Machi 1892, iliruhusu mashirika ya dini kuwachukua watoto hao. Vita kati ya dola na Waarabu, 1892 hadi 1894, viliongeza idadi yao. Misheni ya Saint-Gabriel, iliyoanzishwa na padri Gabriel Grison karibu na maporomoko yetu mwaka 1897, ilizaliwa chini ya sheria hizo.

Kwamba kapu lilikuwa pana mno, si sisi wa leo tuliogundua. Tume ya uchunguzi ya 1904 na 1905, iliyoundwa na mfalme mwenyewe, ilipofika katika mashamba ya misheni ya Wajesuiti upande wa magharibi, iliona kwamba wengi wa waliokuwa wakiitwa mayatima hawakuwa mayatima.

Mantiki hiyo haikwisha na Leopold. Watoto machotara, waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika, walihesabiwa kuwa wametupwa hata pale mama alipokuwa hai na akiwataka. Serikali ya Ubelgiji iliomba radhi tarehe 4 Aprili 2019. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kwamba kuwanyang'anya mama zao wanawake watano, waliopelekwa misheni ya Katende huko Kasai wakiwa bado hawajafika miaka saba, kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Isidhaniwe kwamba lugha yetu haina la kujibu. Kipofu, kiziwi, kiwete na kilema wamo katika ngeli moja na kiti na kijiko. Ni kweli kwamba kiongozi na kijana wamo humo humo, na kwamba twasema «kiziwi amefika» kwa upatanisho wa viumbe hai. Kwa hiyo tusiihukumu ngeli haraka. Hata hivyo, mzee asemapo «kale kaziwi» akimtaja mtoto wa jirani, hakuna msikilizaji anayekosa kuelewa. «Mtu mwenye ulemavu» ni usemi mrefu, lakini unaanza na mtu. Nasi tumejifunza pia kumwita mtoto mchawi, hata Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, ikalazimika kukataza tuhuma hiyo, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ikaiwekea adhabu.

Kwangu mimi, jibu zito zaidi kwa dekreti ya 1890 limo katika Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987. Humo imeandikwa kwamba kila mtoto lazima awe na baba, na kwamba yule ambaye babake hakujulikana atapewa «baba wa kisheria», ateuliwe kwanza kutoka katika jamaa ya mama. Baba mdogo na mjomba wameingia mahakamani, ingawa kwa jina la Kifaransa.

Wameingia mahakamani, si kila ofisi. Hivi karibuni nilimpeleka mtoto wa marehemu kaka yangu kuandikishwa shule. Mtoto huyo ni mzito wa kusikia. Juu ya hilo fomu haikuwa na nafasi yoyote. Karani aliniuliza mimi ni nani wake. Nikajibu: baba mdogo. Akaandika «père», akanitazama, akalikata neno hilo kwa mstari, kisha akaandika «tuteur».