Tufani baharini katika michoro ya chapa ya Kiholanzi

Tufani baharini ni mada iliyostawi katika michoro ya chapa ya Uholanzi ya karne ya 17, nchi hiyo ilipotegemea merikebu kwa biashara na vita. Mchoraji alipaka nta juu ya bamba la shaba, akachora kwa sindano, kisha asidi ikala mistari iliyobaki wazi na kuiacha ishike wino. Giza la mawingu lilitokana na mistari iliyopishana kwa wingi, na povu la mawimbi likawa weupe wa karatasi iliyoachwa tupu. Ludolf Bakhuizen (1630–1708), bingwa wa michoro ya bahari, alitoa mfululizo wa chapa zake mwaka 1701.

Chapa hizi huchukuliwa mara nyingi kuwa ushahidi wa jinsi ajali zilivyotokea, lakini zinaeleza zaidi imani kuhusu majaliwa ya binadamu. Merikebu nyingi humo husukumwa kwenye majabali, ilhali pwani ya Uholanzi ni ya mchanga; jabali liliwekwa ili mtazamaji aone mauti na wokovu vikikabiliana. Pwani ya Natal, Afrika Kusini, inaonyesha tofauti kati ya picha hizo na ajali halisi. Tarehe 16 Februari 1686 merikebu ya Kiholanzi Stavenisse iliangamia usiku kusini mwa ilipo Isipingo leo. Kilichoiponza ni maofisa kukosea kukisia umbali wao na nchi kavu. Baadhi ya walionusurika walifika ghuba ya Durban, wakaungana na Waingereza waliopoteza merikebu Good Hope mwaka 1685. Pamoja waliunda chombo, wakakiita Centaurus, wakasafiri hadi Cape mwaka 1687. Uzembe wa zamu na kazi ya useremala havikuwa na nafasi katika picha za tufani.

Yapo mapingamizi: mwandishi Arnold Houbraken alisimulia kwamba Bakhuizen alijitosa baharini hali ikiwa mbaya ili ayatazame mawimbi. Hilo linathibitisha ukweli wa wimbi, wala halithibitishi ukweli wa tukio zima. Vilevile matanga yaliyokunjwa, milingoti na kamba huchorwa kwa ujuzi ambao mabaharia wangeukubali. Kwa hiyo mwanahistoria aziamini chapa hizi kuhusu muundo wa vyombo na hofu ya watu wa zama zile, lakini chanzo cha ajali akitafute katika taarifa za walionusurika.