Jina la Kupewa na Jina la Kujichagulia: Saini za Waandishi wa Kongo

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani. Methali hiyo huchukulia kuwa jina ni mali ya mwenyewe, na kwamba sifa zake hutokana na matendo yake. Katika historia ya maandishi ya Kongo, jambo hilo halikuwa na hakika siku zote. Mtungaji aliyetaka kutia jina lake juu ya jalada aliwakuta wengine wakidai haki juu ya jina hilo hilo: mkoloni, mzazi, Kanisa, na hatimaye dola. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kwa nini huyu alitumia jina lake halisi na yule akajipa lakabu. Inafaa kuuliza pia ni nani, katika kila kipindi, aliyekuwa na mamlaka ya kumpa mtu jina.

Kutumia jina halisi kulikuwa na gharama. Jarida la La Voix du Congolais lilianzishwa mwaka 1945 chini ya usimamizi wa serikali ya kikoloni, na mhariri wake alikuwa Antoine-Roger Bolamba. Mwaka huo huo Paul Lomami Tshibamba alichapisha humo makala yaliyouliza Wakongomani wangekuwa na nafasi gani katika ulimwengu wa kesho. Swali hilo liliwaudhi wakubwa wa wakati ule. Mwandishi alihojiwa na kuchapwa viboko. Lakabu ingaliweza kumkinga. Lakini hoja yake ilikuwa kwamba Mkongomani aliyesoma ni mtu mzima mwenye haki ya kusema, na hoja ya namna hiyo hupungukiwa na nguvu ikiwa msemaji amejificha. Mwaka 1948 alitoa hadithi yake Ngando kwa jina lake, na baadaye akaendelea na kazi ya uandishi ng'ambo ya mto, Brazzaville, alikoongoza jarida la Liaison.

Huko Brazzaville palikuwa na sababu nyingine za kuliacha jina la nyumbani. Gérald-Félix Tchicaya, aliyezaliwa mwaka 1931, alikuwa mwana wa Jean-Félix Tchicaya, mbunge katika Bunge la Ufaransa tangu 1945. Kwa wasomaji wengi jina la Tchicaya lilikuwa la baba kabla ya kuwa la mwana. Mshairi huyo akajiita Tchicaya U Tam'si, jina ambalo hufasiriwa kuwa jani dogo linalosema kwa ajili ya nchi yake. Hakulikana jina la ukoo. Aliliongezea neno ambalo baba hakuwa nalo, na kwa neno hilo akajipatia sauti yake. Marcel Ntsoni, aliyezaliwa mwaka 1947 huko Kimwenza, karibu na Kinshasa, alifuata njia hiyo na kuwa Sony Labou Tansi. Sehemu ya mwisho ya lakabu yake ni heshima kwa U Tam'si. Hivyo mwandishi mmoja alijitofautisha na baba aliyemzaa, na mwingine akajichagulia baba katika fasihi. Riwaya yake La Vie et demie, iliyotoka mwaka 1979, ilikuwa dhihaka kali juu ya watawala dhalimu, lakini lakabu yake haikuwa maficho, maana wote walimjua aliyekuwa akiitwa hivyo.

Katika Katanga, mwaka 1965, jambo la jina lilijitokeza kwa namna nyingine, na safari hii kwa Kiswahili. Ndipo lilipoandikwa Vocabulaire de la ville de Elisabethville. Ingawa lina kichwa cha Kifaransa, andiko hilo ni la Kiswahili cha mji huo, na ingawa linaitwa msamiati, kwa kweli ni historia ya mji kama ilivyokumbukwa na watu waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Lilitolewa kwa jina la chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, na mtungaji wake ni André Yav. Johannes Fabian alilichapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi mwaka 1990. Katika nyumba hizo mtumishi aliitwa «boy», hata kama alikuwa na mvi na wajukuu. Kwa watu waliofichwa chini ya neno moja kwa miaka mingi, kutia saini kwa jina kamili, la ubatizo na la asili pamoja, lilikuwa tayari tendo la historia. Lakabu ingalikuwa boy mwingine.

Miaka michache baadaye jina kama hilo la André lilipigwa marufuku. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwanzoni mwa mwaka 1972 Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko. Kwa siasa iliyoitwa «authenticité», raia wote walitakiwa kuyaacha majina ya Kikristo na kuchukua majina ya mababu. Kardinali Malula alipinga, na mwaka huo huo akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Siasa hiyo ilikuwa na hoja yenye uzito, kwani majina ya kigeni yaliingia pamoja na utawala wa kigeni. Lakini kile ambacho U Tam'si alikifanya kwa hiari, hapa kilifanywa kwa amri.

Waandishi waliitika kwa njia mbalimbali. Bolamba alijulikana pia kwa jina la Lokolé J'Ongungu. Valentin-Yves Mudimbe akawa Vumbi Yoka Mudimbe, na kwa kuwa herufi za mwanzo ni zile zile, juu ya majalada palibaki V. Y. Mudimbe. Amri ilitiiwa, na msomaji hakumpoteza mwandishi wake. Riwaya yake Entre les eaux ilitoka mwaka 1973, na shujaa wake, padre anayejiunga na waasi, anaitwa Pierre Landu. Georges Ngal naye, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, alichapisha mjini humo mwaka 1975 riwaya Giambatista Viko kwa jina la Mbwil a Mpaang Ngal. Jambo hilo linastahili kuangaliwa: jina la mwandishi limetimiza sheria, hali mhusika mkuu, msomi wa Kiafrika, amebeba jina la mwanafalsafa wa Italia. Jina lililofukuzwa juu ya jalada lilirudi ndani ya kitabu.

Utawala wa chama kimoja ulipolegea mwaka 1990, wengi walirudia majina yao ya ubatizo. Ngal alitia tena Georges katika vitabu vyake. Mudimbe, ambaye alifariki mwaka 2025, alibaki na herufi zake mbili mpaka mwisho. Hakuna haja ya kuamua ni yupi aliyekuwa mwaminifu zaidi kwa asili yake. Mmoja alilirudisha jina alilonyang'anywa, mwingine aliendelea kulitumia lile alilokwisha kulifanya kuwa lake kwa kazi.

Tofauti kubwa, basi, haiko kati ya jina halisi na lakabu. Lomami Tshibamba na Yav walisaini kwa majina yao halisi, U Tam'si na Sony kwa lakabu, na wote wanne walijitaja wenyewe. Jina la mwaka 1972, hata kama lilitoka kwa mababu wa kweli, lilikuwa la dola mpaka pale mwandishi alipolitumia kwa shabaha yake mwenyewe.

Jambo hili linaugusa pia utafiti wa kila siku. Mwanafunzi anayemtafuta Ngal chini ya jina moja tu katika orodha za maktaba aweza kukosa nusu ya vitabu vyake, na anayesahihisha jina la jalada ili lifanane na lile analolizoea hufuta alama ya kipindi kizima. Inafaa kuliandika jina kama lilivyochapwa, pamoja na mwaka wake, na kuliunganisha na majina mengine ya mtu yule yule. Jina la jalada nalo ni sehemu ya maandishi. Msomaji asilipite bila kulisoma.