Kuandika habari za chakula kwa anayeanza: majina, vipimo na bei kati ya Muyinga na Gitega

Kuandika habari za chakula ni kazi ya kueleza chakula kinatoka wapi, kinapikwa vipi, kinauzwaje na nani anakila. Kwa mfanyabiashara au msafirishaji wa njia ya Kabanga, Kobero, Muyinga, Karuzi hadi Gitega, maandishi ya namna hii yanaweza kusaidia kuuza mzigo. Yakikosewa, yanaweza pia kuurudisha mzigo mpakani.

Anayeanza hahitaji mtaji mkubwa. Simu yenye kamera, daftari na mizani ya kuaminika vinatosha. Kinachowashinda wengi ni kutaka kuandika kila kitu kwa pamoja. Ni afadhali kuchagua bidhaa moja, kwa mfano maharage, na kuifuatilia kwa msimu mzima. Burundi ina misimu mitatu ya kilimo: A kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa mwaka, B kuanzia Februari hadi kati ya mwaka, na C ya mabondeni wakati wa kiangazi. Mwandishi asiyetaja msimu anamwachia msomaji bei isiyo na maana.

Majina

Hapa ndipo penye fedha, na ndipo wageni wanapopotea. Lugha za njia hii ni Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na chakula kimoja kina majina matatu. Majani ya muhogo ni isombe kwa Kirundi, sombe kwa Mkongo, kisamvu kwa Mtanzania. Mihogo ni imyumbati, mahindi ni ibigori, mchele ni umuceri, maharage ni ibiharage, na ndizi za kupika ni ibitoke. Mafuta ya mawese yanaitwa amamesa.

Samaki ndio wenye mtego. Neno dagaa nchini Tanzania hutumika kwa samaki wadogo wa maziwa tofauti. Dagaa wa Ziwa Victoria (Rastrineobola argentea) si ndagala wa Ziwa Tanganyika (Stolothrissa tanganicae), ambaye Warundi wamemzoea pamoja na mukeke. Wanatofautiana kwa ladha, na mpishi wa Gitega hashindwi kuwatambua. Anayeandika "dagaa" bila kutaja ziwa anajenga ugomvi wa kesho kati ya muuzaji na mnunuzi. Pia ataje tarehe: Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, na hatua ya namna hiyo hubadili kinachopatikana sokoni.

Vipimo na bei

Bei iandikwe kwa kilo. Gunia, debe na ndoo havilingani kati ya soko na soko, achilia mbali lumbesa. Kila bei ifuatwe na mambo manne: soko, tarehe, fedha iliyotumika na kiwango cha kubadilishia. Hilo la mwisho si dogo. Faranga ya Burundi ilishushwa thamani Mei 2023, na pengo kati ya kiwango cha benki na cha mitaani limewaumiza wengi waliopiga hesabu kwa kiwango kimoja na kulipwa kwa kingine. Uhaba wa mafuta ya magari nao umepandisha nauli za mizigo, hivyo bei ya Muyinga haiwezi kunakiliwa kuwa ya Gitega.

Usalama wa mlaji

Mapishi si hadithi tu. Mihogo michungu ina sumu, na hulowekwa kwa siku kadhaa kisha kukaushwa kabla ya kusagwa unga wa ubugari. Isombe hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Mwandishi anayefupisha hatua hizo ili mapishi yaonekane mepesi anahatarisha watu.

Kwa nafaka na karanga, neno la kulijua ni sumukuvu. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, kisha ikalegeza kwa masharti siku chache baadaye. Magari yaliyokuwa barabarani hayakupewa muda wa kujiandaa. Kusifu mahindi kwamba ni "safi" bila cheti cha maabara ni maneno ya muuzaji, si habari.

Mpakani

Anayeandika kwa ajili ya wachuuzi wadogo aeleze utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya: bidhaa zilizo kwenye orodha, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani. Cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea. Picha za eneo la forodha zisipigwe bila ruhusa. Ni njia ya haraka ya kupoteza simu na siku nzima.

Kuhusu vifungashio, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, na Burundi ilipitisha marufuku yake mwaka 2018. Picha ya unga ndani ya mfuko uliokatazwa haimsaidii anayeuuza.

Anwani nazo zimebadilika. Gitega ni makao makuu ya kisiasa tangu 2019, huku Bujumbura ikibaki mji wa biashara. Tangu mgawanyo mpya wa mwaka 2025, wenye mikoa mitano badala ya 18, Muyinga si mkoa tena. Iko ndani ya Buhumuza, na Karuzi imeingia Gitega. Hati na maandishi yanayotumia mikoa ya zamani bado yamejaa njiani, kwa hiyo ni vema kutaja majina yote mawili.