Mkono wa Nani? Usawa wa Bidhaa katika Njia ya Misafara ya Unyamwezi

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Tabora, mji wa Unyanyembe ambao Richard Burton, aliyefika mwaka 1857, aliuita Kazeh, na mbele yake ilienea nchi ya Ulyankulu na Urambo, iliyokuja kutawaliwa na mtemi Mirambo. Kwa kuwa hapakuwa na sarafu moja iliyokubalika njia nzima, kila posho ya wapagazi, kila hongo, yaani ushuru wa kupita uliotozwa na watemi, na kila pembe ya ndovu ilihitaji kwanza watu wakubaliane kwamba kitu hiki ni sawa na kile.

Nguo ilipimwa kwa mkono, ambao ni urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti, ambayo wageni waliihesabu kuwa yadi 4. Nyuzi za ushanga ziliitwa kete, na kete kumi zilikuwa fundo, ilhali pembe zilipimwa kwa frasila, uzito wa ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Mizani ya frasila haikujali nani anaishika, lakini mkono ulikuwa wa mtu, na doti ya mpimaji mrefu ilimfaa mpokeaji kuliko muuzaji.

Waandishi wa programu za kompyuta wamekutana na tatizo hilo kwa sura nyingine. Fanksheni ni kanuni inayopokea vitu na kurudisha jibu, na huitwa safi ikiwa vitu vile vile huleta jibu lile lile daima, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Fanksheni ya kulinganisha hupokea viwili na kusema kama cha kwanza ni kidogo, sawa au kikubwa kuliko cha pili. Katika Haskell, lugha iliyotolewa mwaka 1990, hakuna usawa mmoja wa vitu vyote: kila aina ya data huwekewa kanuni yake, na fanksheni zenyewe hazilinganishwi kwa kawaida, kwa kuwa hakuna njia ya jumla ya kuthibitisha kwamba mbili kati yake zitajibu sawa milele. Inatarajiwa pia kwamba kitu kikiwa sawa na cha pili, na cha pili na cha tatu, basi cha kwanza na cha tatu ni sawa. Upimaji wa mkono haukuweza kutimiza sharti hilo, kwa sababu doti mbili zilizopishana kwa upana wa kidole zilipita bila ugomvi, lakini tofauti hizo ndogo zikifuatana, doti ya kwanza na ya kumi zingepishana waziwazi.

Ushanga ulikuwa mgumu zaidi. Henry Morton Stanley, aliyekuwa Tabora mwaka 1871, aliandika kwamba ushanga mwekundu wa samisami ulipokelewa kwa hamu Unyamwezi, kwamba mweusi ulikuwa fedha ya Ugogo na kukataliwa kwingineko, na kwamba sungomaji ulithaminiwa Ujiji lakini si njiani. Kanuni ya usawa, kwa hiyo, ilihitaji kitu cha tatu zaidi ya bidhaa mbili: nchi ambamo zinalinganishwa. Hata pembe, licha ya mizani, hazikusalimika, maana pembe kubwa moja iliuzwa kwa bei ya juu kwa kila frasila kuliko ndogo kadhaa za uzito ule ule.

Mwaka huo huo wa 1871, kwa mujibu wa Stanley, Mirambo aliudai msafara wa Waarabu bunduki tano, mapipa matano ya baruti na marobota matano ya nguo, akapewa vyote, kisha akaurudisha ulikotoka. Malipo yalitimia kwa hesabu, bali hayakununua njia. Waarabu walilipiza kwa kuivamia Ulyankulu, wakapora zaidi ya pembe 100, na walipokuwa wakirudi wakavamiwa porini, wengi wakauawa.

Utawala wa Wajerumani ulileta rupia yake, iliyogawanywa kuwa heller 100 kuanzia mwaka 1904. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia ya baharini, karakana ya reli ya Tabora iligonga sarafu mwaka 1916, zikiwamo za heller 20, nyingine za shaba nyekundu na nyingine za shaba ya njano. Metali zilitofautiana, thamani ikawa moja kwa amri ya serikali, hadi Wabelgiji walipouteka mji mwezi Septemba.