Mzigo wa Mamba

Mwaka wa 1884 Thomas Stevens alitoka San Francisco kwa baiskeli ya gurudumu moja kubwa mbele. Alibeba soksi, shati la ziada, bastola, na koti la mvua lililokuwa pia hema lake. Akazunguka dunia. Mwaka wa 1889 gazeti la New York World likamtuma huku kwetu kumtafuta Stanley. Safari hiyo alikodi wapagazi. Wepesi una wenyewe.

Namfikiria nikifunga vitu hapa Makadara, kesho naenda Kajiado, mara yangu ya kwanza. Black Mamba ya babu bado iko kwa korido: chuma tupu, haina gia, karia pana, na vipande vya tyubu kuukuu vya kufungia. Wazee wa Maringo na Jericho walinunua baiskeli ibebe. Makaa, maziwa, hata mgonjwa. Kusafiri na shati moja ungeulizwa kama umefukuzwa kwenu.

Mamba inabaki, magoti yangu hayaiwezi. Nimebeba pampu, viraka, gundi, spana, maji na sweta. Na kilo mbili za sukari, nimezifunga na tyubu ya babu. Shangazi ndiye ananingoja Kajiado. Kuingia kwake mikono mitupu, aki siwezi.